Kichekesho Alichonipa Kinyozi

Wiki iliyopita mliniacha nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya jukwaa, nimetoka kufa mbele ya watu. Kufa, kwa lugha ya kazi yetu, ni kusema maneno uliyoyapanga yavunje watu mbavu, kisha ukasikia sauti ya feni ya darini peke yake.

Mwenye ukumbi, ambaye sote tunamwita Bosi, alikuja akanisimamia pale kwenye ndoo. "Jumapili ijayo ndiyo ya mwisho," akasema. "Wakinyamaza tena, baki na pasi zako."

Anayenisoma leo kwa mara ya kwanza asihangaike, maisha yangu hayana mafumbo. Mimi ni mpiga pasi kwenye duka la dobi. Nina maradhi ya akili. Kuna miezi yananipandisha nikajiona naweza kuendesha nchi, na kuna miezi yananishusha hata kuoga kunakuwa safari. Nimelazwa mara mbili. Mara ya kwanza mume alinivumilia. Mara ya pili alinirudisha kwa mama yangu na masanduku yangu, kwa upole kabisa, kama mtu anayerudisha kiti cha kuazima.

Kinyozi nilikutana naye kliniki. Naye ana lake, giza linalomjia bila hodi na kukaa naye wiki nyingi. Siku za kazi hunyoa watu, Jumapili alasiri huwachekesha. Yeye ndiye aliyenishika mkono akanipandisha jukwaani. "Wanatusema pembeni," aliniambia siku ile. "Tukijisema wenyewe, tena kwa sauti, watabaki na nini?"

Nikamwamini. Nikapewa jina la Mama Utulivu, kwa sababu ya vidonge vya kunituliza, na kwa mara ya kwanza tangu niugue nikawa mtu ambaye watu wanamsubiri kwa hamu. Kisha vichekesho vikanikauka. Hapo ndipo tulipokuwa.

*

Jumanne nilikwenda kliniki kuchukua dawa. Kinyozi alikuwa ameshafika, ameniwekea nafasi kwenye benchi kwa kofia yake.

Nilishangaa kumwona. Kwa muda mrefu mtu huyu, nje ya jukwaa, alikuwa hapatikani. Duka alifungua siku alizojisikia, na ukimsalimia anaitikia kwa kujilazimisha. Siku hiyo amenyoa ndevu, amevaa shati safi, na uso umekunjuka.

"Umependeza," nikamwambia. "Nani kakupigia pasi? Maana shati hili halijapita mikononi mwangu."

"Nimepiga mwenyewe."

"Inaonekana. Umeunguza kola."

Akacheka. Alicheka vizuri, na mimi moyo ukanipoa. Nikajisemea, hatimaye dawa zimemkubali.

"Nimesikia Jumapili ulikufa baada ya mimi kuondoka," akasema.

"Nilikufa na kuzikwa. Bosi amenibakishia Jumapili moja."

"Ulisema ipi?"

"Ile ya mume."

Ile ya mume nawaeleza na ninyi, mjue nilikuwa naishi kwa kichekesho gani. Nasema hivi: Daktari alinipa vidonge vya kunituliza. Vikanituliza. Vikanituliza mpaka mume wangu akasahau kama nimo ndani. Akaoa. Miezi ya mwanzo watu walikuwa wanagaragara. Sasa wameizoea, wanaitikia "akaoa" pamoja na mimi.

"Nzuri ile," Kinyozi akasema. "Ila unaikimbiza. Ukifika kwenye 'akasahau kama nimo ndani', nyamaza. Waache wakuonee huruma kidogo. Wakishaanza kukuonea huruma ndio uwaambie akaoa."

Akatazama benchi letu lote, watu walivyokaa wametulia na kadi zao mapajani. Halafu akasema, kama anayekumbuka jambo dogo tu, "Chukua yangu ya foleni."

Nilidhani nimesikia vibaya.

Hapa itabidi niwaeleze kitu. Mchekeshaji atakupa shati lake. Atakupa kitanda chake alale chini. Kichekesho hakupi. Kichekesho kimoja kinaweza kumla mtu mwaka mzima, anakisema hivi watu wananuna, anakisema vile watu wanakohoa, mpaka siku moja kinakaa. Nimeona wanaume wazima, baba za watu, wakishikana mashati nyuma ya pazia kwa ajili ya sentensi moja. Na ile ya foleni haikuwa kichekesho cha kawaida. Ndiyo aliyokuwa akifungia zamu yake. Watu waliijua kwa moyo na bado waliisubiri.

Inakwenda hivi: Foleni ya kliniki yetu ya vichaa ndiyo foleni pekee ambayo hakuna mtu anayemruka mwenzake. Mnajua kwa nini? Kila mmoja anamtazama aliye mbele yake, anajisemea, huyu mtu simjui, anaweza kuwa kichaa. Hapo Kinyozi hunyamaza, anapangusa bega lake kama mtu aliyetoka kunyolewa. Kisha anamalizia: Sasa nendeni benki, mkaone wenye akili timamu wanavyosukumana.

"Na wewe utafungia na nini?" nikamuuliza.

"Nina kingine."

"Kipi hicho?"

"Bado sijamwambia mtu."

"Kinyozi, usinichezee. Mimi sasa hivi sina moyo wa kuchezewa."

"Sikuchezei, dada. Ichukue. Nimeisema mpaka imenichosha. Na wewe utaisema vizuri kuliko mimi, watu wakikutazama usoni wanaamini."

Akanifundisha pale pale, kwa kunong'ona. Pa kuvuta pumzi, pa kumtazama mtu mmoja, pa kupangusa bega. Nikikosea ananirudisha mwanzo. Mzee mmoja wa mwisho wa benchi alianza kucheka, mama wa pembeni yake naye akacheka, mwishowe muuguzi akachomoza kichwa dirishani akasema, "Ninyi wawili, hapa ni hospitali."

Alipotoka kwa daktari na mfuko wake wa dawa, akanipa mkono. Sisi hatuna kawaida ya kupeana mikono, tunaagana kwa matusi ya utani. Akaushika mkono wangu, akauachia, akaenda zake.

Nilitoka pale mwepesi. Furaha ilinijaa mpaka nikapitiliza duka la dobi nikarudi nyuma. Sikujiuliza kwa nini mtu ananipa roho yake. Nilikuwa na njaa ya kicheko, na aliyenilisha sikumtazama mara mbili.

*

Nyumbani nilimkuta Mama amekaa sebuleni na mtandio wake mapajani. Mama akikaa vile, na taa hajawasha, ujue kuna neno.

"Jirani wa juu amenionyesha simu yake," akasema kabla sijavua viatu. "Umo humo ndani."

"Nasema nini?"

"Ile siku uliyotoka na nguo ya kulalia, ukaenda kuongoza magari pale njia panda. Unawaeleza ulivyowapigia filimbi ya mdomo. Wanacheka."

"Ndiyo kazi yenyewe, Mama."

"Mimi ndiye niliyekufuata barabarani. Peku. Gari likanipita hapa." Akagusa ubavu wake. "Mbona mimi simo kwenye kichekesho chako?"

Nikatafuta neno la kuchekesha, ndiyo tabia niliyojijengea, nikakosa.

"Zamani," Mama akaendelea, "kwenye kikundi chetu cha akina mama walikuwa wananiuliza habari zako kwa kunong'ona. Ilikuwa inaniuma. Sasa wanaanza kucheka hata sijakaa. 'Mama Utulivu hajambo?' Mwanangu, si ulisema ukiyasema mbele ya watu wataacha kukucheka?"

"Nilisema wataacha kuniogopa."

"Basi wameacha. Hongera."

 Nilimwonea huruma, na nikajionea huruma mimi mwenyewe, na nikakasirika, vyote kwa pamoja. Mama akaona ameniumiza, akatafuta pa kugeuzia mazungumzo.

"Ila yule mwenzako ana adabu," akasema. "Alikuja jana ukiwa kazini."

"Mwenzangu nani?"

"Kinyozi. Alikaa hapo hapo ulipokaa. Aliniomba radhi."

"Radhi ya nini?"

"Ya kukupeleka jukwaani. Alisema hakujua kwamba yangenifika na mimi. Nikamwambia yameisha, mwanangu. Akaniuliza kama siku hizi unalala, kama unakula. Nikamwambia muulize mwenyewe. Akasema, 'Anayeona ni wewe, Mama.' Kisha akakaza ile bawaba ya mlango iliyolegea, akaaga."

Nikamwambia Mama kwamba Kinyozi amepona, au angalau giza limempungukia, kwamba amenipa kichekesho chake bora kuliko vyote. Mama akasema Mungu mkubwa. Tukakaa pale wawili, watu tunaoyajua maradhi haya kuliko tunavyowajua ndugu zetu, tukamfurahia.

*

Jumapili ukumbi ulijaa. Ule ukumbi zamani ulikuwa ghala la magodoro, na siku za joto harufu ya sponji bado inatoka ukutani. Viti vya plastiki, jukwaa la mbao, pazia jeusi. Nyuma ya pazia kuna kichumba chenye kioo kilichopasuka, na ndiko tunakosubiri zamu.

Kipaza, mshereheshaji wetu anayetuita mmoja mmoja, alikuwa anafunga kamba za viatu.

"Kinyozi yuko wapi?" nikamuuliza.

"Leo hapandi. Amesema amechoka, apumzike."

"Amekuambia lini?"

"Alhamisi, alipita kwangu." Akapanda jukwaani kumwita wa kwanza.

Wa kwanza alikuwa Kilo, kijana mwembamba ambaye jina lile alipewa kwa kejeli. Mimi niligeukia ukuta nikawa narudia mambo yangu ya foleni, nanyamaza panapotakiwa, napangusa bega. Nikawa namsikia Kilo kwa mbali.

"Kinyozi wangu mimi ana maradhi ya akili," Kilo alikuwa anasema. "Akifika nusu ya kichwa anazima mashine. Ananiambia, 'Samahani kaka, mimi wasiwasi hunishikia hapa. Siku nyingine namaliza, siku nyingine siwezi.' Tangu siku hiyo sijathubutu kumwomba anipunguzie bei."

Ukumbi ukapasuka. Mimi damu ikanipanda kichwani.

Ile ilikuwa ya Kinyozi. Alikuwa akiisema yeye mwenyewe, kama yeye ndiye mwenye mashine, na wote nyuma ya pazia tuliijua. Kumbe Kilo alikuwa anasubiri mwenzake apumzike Jumapili moja tu. Aliposhuka nikamkaba kwa maneno kabla hajameza mate.

"Mwizi. Mtu hajaonekana siku moja, umeshatia mkono mfukoni mwake."

"Sijaiba, dada." Alikuwa anatweta, bado ana furaha. "Amenipa."

"Kinyozi hampi mtu kichekesho."

"Hata mimi nilishangaa. Alikuja kwangu Jumatano, akanikalisha, akanifundisha mpaka nikajua pa kunyamaza. Akaniongezea na ile ya shemeji yake."

Jumatano. Mimi alinipa Jumanne.

Kule jukwaani Kipaza alikuwa anajaza nafasi kabla ya kumwita anayefuata. Sauti yake ikatufikia vizuri kabisa: "Mama yangu alinisindikiza kwa daktari wa akili. Daktari akauliza, 'Haya, mgonjwa ni nani?' Tukatazamana."

Watu wakaangua kicheko. Kilo akanitazama.

"Ile nayo ni yake," akasema polepole.

Kipaza akaingia, pazia likamfuata mabegani. "Mmeisikia? Imekaa kama nimeitunga mimi."

"Amekupa lini?" nikamuuliza.

"Alhamisi hiyo hiyo. Nikamwambia, umeokoka nini, mbona unagawa mali?" Akacheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye. "Ninyi mna nini?"

"Mimi amenipa ya foleni."

"Ya kufungia?"

"Ya kufungia."

Kipaza akakaa kwenye ndoo.

Sisi watatu tulikuwa tumebeba kazi yote ya Kinyozi. Yeye hakubakiwa na hata kichekesho kimoja cha kumpandisha jukwaani. Mchekeshaji anayekusudia kusimama tena mbele ya watu hawezi kufanya hivyo, na daktari asingeweza kulitambua jambo hilo, wala mama yangu. Waliotakiwa kulitambua ni sisi. Kila mmoja wetu alidhani bahati imemwangukia peke yake, akanyamaza asije mwenzake akaitamani.

Nikakumbuka ndevu zilizonyolewa na mkono alionipa. Nikakumbuka radhi aliyomwomba Mama. Alikuwa anatuaga.

Nikampigia. Simu ikaita mpaka ikakoma. Kipaza akampigia kwa yake, ikawa hivyo hivyo.

"Nina pikipiki nje," Kilo akasema, na alikuwa ameshafika mlangoni. Kinyozi anakaa mbali, upande wa pili wa mji, na Kilo tulimwona anaondoka na jasho la jukwaani halijamkauka.

Kliniki Jumapili haifunguliwi. Nikamuuliza Kipaza kama ana namba ya jirani yake Kinyozi, ya mwenye nyumba wake, ya ndugu yake yeyote. Hana. Mimi pia sina. Tulijua giza lake linaanzaje, tulijua lilimfanya akae chini ya meza siku nzima, tulijua alichomwambia shemeji yake aliyemkuta pale. Yote yale tuliyajua kwa sababu yanachekesha. Nyuma ya pazia tuna desturi yetu, la jukwaani haliulizwi, maana ukianza kumuuliza mwenzako kama kweli inamuuma utamharibia kazi. Basi hatukuulizana. Hata mlango wa nyumba yake tusingeujua kama Kilo asingewahi kumpeleka.

Bosi akachungulia. "Mama Utulivu, watu wanapiga makofi, ninyi mmeweka kikao."

Nikamweleza. Nilimweleza haraka, nafikiri nilimshika mkono wa shati.

"Labda amelala," Bosi akasema. "Mtu hawezi kuchoka? Panda, ukishuka utampigia. Na kumbuka tulivyozungumza."

Nilikuwa naelekea mlango wa nyuma. Kipaza akanizuia.

"Wateja wake wamo humo ndani," akasema. "Mstari wa tatu karibu wote ni watu wa mtaa wake. Panda uwaulize. Mmoja hawezi kukosa namba ya jirani."

Alisema kweli. Ndivyo nilivyopanda jukwaani Jumapili ile, simu mkononi.

Walinipigia makofi. Wengine wakaita, "Akaoa." Nikasubiri watulie.

"Naomba mnisikilize," nikasema. "Leo sichekeshi."

Wakacheka.

"Kinyozi hapokei simu. Nina hofu na hali yake. Kama kuna mtu wa mtaa wake humu, mwenye namba ya mwenye nyumba wake au jirani, tafadhali asimame."

Wakacheka zaidi. Mtu mmoja akasimama, akainama kwa heshima kama anayepokea zawadi, akakaa.

"Ni mgonjwa," nikasema. "Mnajua kwamba ni mgonjwa. Sote wawili ni wagonjwa, tumewaambia kila Jumapili."

"Basi leo karuka foleni," sauti ya mwanamume ikatoka nyuma, na ukumbi ukaanguka. Watu walipigana mabega. Niliona mtu anafuta macho kwa kitambaa.

Machozi yakanitoka na mimi. Wakapiga makofi.

Siwalaumu, na hilo ndilo linalonimaliza. Tuliwafundisha wenyewe. Tukisema vidonge, wanacheka. Tukisema wodi, wanacheka. Kinyozi akisema kuna siku haoni sababu ya kuamka, wanashika mbavu, na sisi nyuma ya pazia tunagongeana mikono kwa sababu imekaa vizuri. Tulitaka maneno yale yasimtishe mtu tena. Tulifaulu. Sasa nilihitaji yamtishe japo mtu mmoja, na nilikuwa nayo mdomoni mwangu yamekufa kabisa.

Kwenye mstari wa tatu mama mmoja aliacha kucheka. Alinitazama, akamtazama jirani yake anayecheka, akatazama chini kwenye mkoba wake. Nilidhani anatafuta simu. Akatoa kitambaa, akajipepea.

Nikaona hakuna njia nyingine. Nikapiga tena namba ya Kinyozi, nikaweka sauti juu, nikaishika simu mbele ya kipaza sauti ili wasikie wenyewe kwamba sifanyi mchezo.

Mlio ukatoka kwenye spika kubwa za pembeni. Ukaita. Ukaita tena. Vijana wa mbele wakaanza kuhesabu kwa pamoja kila ulipoita, na nyuma wakadakia, ukumbi mzima ukawa unahesabu na kupiga miguu sakafuni.

Simu ikapokelewa.

"Dada," Kinyozi akasema.

Sauti yake ilijaa ukumbi. Watu wakanyamaza ghafla, wanangoja. Ilikuwa sauti nzito, ya taratibu, ya mtu ambaye hana haraka ya kwenda popote.

"Uko wapi?" nikasema. "Kilo anakuja. Fungua mlango, Kinyozi. Nenda sasa hivi ukafungue mlango, ukae nje na watu."

"Uko jukwaani?"

"Ndiyo. Niambie uko wapi."

"Umeshaisema?"

"Sijaisema. Sitaisema. Ni yako, uje uiseme mwenyewe."

Na hapo wakacheka. Ni kweli ilikaa vizuri, mchekeshaji mmoja jukwaani na mwingine kwenye simu, na mimi machozi usoni. Kicheko kilianzia mbele kikaenda mpaka mlangoni na kurudi, na najua kilimfikia, kwa sababu nilisikia pumzi yake imebadilika.

"Wanacheka," akasema. Alisema kwa furaha ya kweli, furaha ya mtu aliyekuwa na wasiwasi na jambo kisha likaenda sawa. "Vizuri, dada. Wanacheka."

"Usikate simu."

Hakukata. Nilisikia anaiweka juu ya kitu kigumu, meza labda, halafu hatua zake zikawa zinaenda mbali na simu, taratibu. Nikamwita. Nikamwita tena kwa jina lake alilopewa na mama yake, ambalo hakuna mtu mle ukumbini aliyewahi kulisikia.

Nikawaomba watu wanyamaze ili nisikie. Niliwaomba kwa mikono miwili, nimepiga magoti. Hilo likawachekesha kuliko yote niliyowahi kuyasema pale.